Kwa mnaoanza kliniki ya masikio, pua na koo huku Mtwara: osteoma ya sainasi

Wadogo zangu, huyu mgonjwa mtakutana naye mapema tu. Katoka Newala au Nachingwea, CT (picha ya kichwa ya mashine) alipigwa kwa sababu ya bodaboda iliyomwangusha, afu ripoti ikasema kuna osteoma, yaani uvimbe wa mfupa, kwenye sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa) ya paji la uso. Neno uvimbe ameshalisikia na usingizi hapati, na ndugu wanataka operesheni sasa hivi maana hela ya korosho ndo imeingia.

Kwanza mwambieni sio saratani na haigeuki saratani. Ni mfupa umeota tu, unakua polepole mno, wastani milimita moja na nusu hivi kwa mwaka, wengi wanazeeka nao bila kujua. Kama ni mama mtu mzima vuta kiti ukae, mwambie "mama, hii sio saratani", na urudie.

Halafu angalieni imekaa wapi na inaziba nini, ukubwa peke yake hautoshi. Kadogo kakikaa kwenye mlango wa kutolea ute kanasumbua kuliko kakubwa kalikojikalia pembeni, ute unakosa njia, sainasaitisi (uvimbe-joto wa sainasi) inajirudia, mukosili, yaani mfuko wa ute uliokwama, inajijenga na kuanza kusukuma jicho, hapo kupasua kuna maana. Vivyo hivyo jicho likitokeza, mtu akiona viwiliviwili, paji likiharibika umbo, au CT ya pili ikionesha inakua haraka. Wengi pia wanashauri kutoa ikishajaza zaidi ya nusu ya sainasi. Ila akija na maji ya ubongo yanatoka puani, au homa na shingo imekaza, hiyo ni rufaa siku hiyohiyo, aende penye daktari wa upasuaji wa ubongo pia.

Kichwa kuuma ndo kunakowachanganya watu. Vichwa vinauma kwa sababu nyingi, na picha kuwa na osteoma haithibitishi kwamba ndo inayouma. Ulizeni panauma wapi hasa, ni upande uleule? Kama kinauma kichwa kizima, mwanga unamkera, anatapika, na sainasi kwenye picha ni nyeusi tii haina ute, mtibuni kipandauso kwanza. Mkiamua kupasua kwa ajili ya maumivu mwambieni kabla kwamba yanaweza kubaki, na msikimbilie kisu, maana pale mnafanya kazi katikati ya jicho na ubongo, sio sehemu ya kubahatisha.

Asiyepasuliwa anarudia CT baada ya mwaka hivi. Andikeni milimita kwenye kadi yake, CD ya picha akae nayo mwenyewe, chukueni na namba ya ndugu, kwa sababu msimu wa shamba ukianza watu wanapotea na bila kipimo cha kwanza hutajua imekua au la.

Na ukikuta osteoma zaidi ya moja, hasa na taya imo, uliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo. Inaweza kuwa sindromu ya Gardner, ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama kwenye utumbo mpana vinavyoweza kugeuka saratani, na huyo kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) ndo inamhusu kuliko hata hiyo sainasi.