Kivuli cha Juni: kazi ya siku fupi ukiwa nyumbani shambani

Siku fupi kuliko zote huku kwetu pwani ni Juni 21, miaka mingine Juni 20. Bagamoyo jua huchomoza saa 12 na nusu asubuhi na ushee, likatua saa 12 na robo jioni na ushee. Ukijumlisha unapata mchana wa saa 11 na dakika 45, na ule wa Desemba ni saa 12 na nusu. Tofauti hiyo ya dakika 45 watu hawaihisi, kwa hiyo siku inapita kama nyingine. Lakini kivuli cha adhuhuri siku hiyo ndicho kirefu kuliko vyote vya mwaka, na kukipima ni kazi ya kukaa nyumbani: masika yameisha, kusi inavuma, mahindi yanasubiri kukauka, na shambani hakuna la haraka.

Tafuta fimbo iliyonyooka. Ichimbie mahali peupe pasipo na mti wala upenu, ibaki mita 1 kamili juu ya ardhi. Ardhi isawazishe kwa pimamaji au kwa beseni la maji, kwa sababu mteremko ambao jicho halioni unarefusha au kufupisha kivuli. Fimbo nayo ipimwe kwa timazi, pande mbili. Huna timazi? Uzi na jiwe vinatosha.

Saa 5 asubuhi funga kamba ya katani kwenye mguu wa fimbo, ivute hadi ncha ya kivuli, chora duara kwa urefu huohuo. Piga kigingi pale ncha ilipogusa duara. Kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, kisha kirefuke tena. Alasiri, mnamo saa 8 kasoro dakika 8, kitaligusa duara upande wa pili. Piga kigingi cha pili. Katikati ya vigingi viwili, unganisha na mguu wa fimbo: huo ndio mstari wako wa kaskazini na kusini. Ncha ya kivuli haina ukingo mkali, ina ukungu wa kama sentimita moja, kwa hiyo tandika karatasi nyeupe na uamue mapema utafuata pale giza linapoishia au pale ukungu unapoishia. Ukibadilisha katikati ya kazi, mstari unapinda.

Wengi hukosea kwa kuchukua kivuli cha saa 6 kamili. Jua la Bagamoyo hufika juu kabisa saa 6 na dakika 26 siku hiyo, Tanga dakika moja mapema zaidi, kwa kuwa saa ya nchi inafuata mstari wa digrii 45 mashariki nasi tuko digrii 39. Dira ya simu nayo huyumba karibu na bati na nondo, isikudanganye. Mawingu yakikuharibia adhuhuri, rudia kesho au keshokutwa. Kuanzia Juni 15 hadi 27 kivuli hakibadiliki zaidi ya milimita chache.

Kivuli kifupi cha siku hiyo, fimbo ikiwa ya mita 1, ni sentimita 57 Bagamoyo na 54 Tanga, nacho huangukia kusini. Ukisimama kwenye ncha yake ukaitazama fimbo, unatazama kaskazini, na kwa miji yote miwili hiyo ni karibu kibla, ukiongeza digrii moja na nusu hadi mbili kuelekea mashariki. (Anayetaka kibla bila hesabu asubiri Julai 16 saa 6 na dakika 27 mchana, jua likiwa juu ya Makka: kivuli cha kitu chochote kilichosimama wima huelekea kinyume cha kibla.)

Sasa hesabu ya miti na bati. Mwembe wa mita 10 kaskazini mwa kitalu chako utakitia kivuli cha karibu mita 6 adhuhuri, na saa 3 asubuhi kivuli hicho ni zaidi ya mita 16, kikilala magharibi-kusini. Kwa hiyo miti mikubwa ipandwe kusini mwa nyumba: inakinga upepo wa kusi na haikunyimi jua la Juni. Baraza la kukalia wazee asubuhi za kipupwe liwe kaskazini, kwenye jua na kinga. Jiko la nje nalo likae upande wa kaskazini-magharibi, la sivyo kusi italeta moshi wote ndani ya nyumba.

Paneli ya sola iangalie kaskazini, imeinuliwa digrii 10 hadi 15. Kwa paneli yenye urefu wa mita 1 maana yake ni kuinua ukingo wa kusini sentimita 17 hadi 26. Chini ya hapo vumbi na kinyesi cha ndege havisukumwi na mvua. Mafundi wengi huibandika upande wowote ulio karibu na nyaya. Kwenye bati lenye mteremko wa digrii 20 linaloangalia kusini, adhuhuri ya Juni inapata kama theluthi mbili tu ya mwanga ambao ingepata upande wa pili.

Makopa ndiyo yanayoumia zaidi kwa kutojua kivuli. Muhogo uwe mtamu (ule mchungu una sumu na una taratibu zake). Menya, osha, kata vipande vya unene wa sentimita moja, panga kwenye kichanja cha urefu wa mita 1 ili upepo upite chini, visilaliane. Kichanja kiwe mahali ambapo jua linafika kuanzia saa 3 hadi saa 10. Jioni kusanya kabla ya umande, mapema kuliko mazoea ya Januari. Kipande kikivunjika kwa mlio kimekauka. Kikipinda bado, na ukikitia guniani hivyo utakuta ukungu wa kijani kabla ya wiki mbili. Vyenye ukungu vitupe, usivisage.

Fimbo na vigingi usiving'oe. Desemba 21 au 22, saa 6 na dakika 22 mchana, kivuli kitakuwa kimehamia kaskazini ya fimbo: sentimita 31 Bagamoyo, 33 Tanga. Piga kigingi kingine hapo, upate mipaka yote miwili ya jua la kwako.