Walikosea nini watu wa Nicodemus? Barua kwa mwanangu

Hays, Kansas

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umefika salama na kwamba bibi yako bado anapalilia shamba lake kwa mikono yake mwenyewe. Unasema ulimwonyesha mwenzako wa kazini picha tulizopiga mwezi wa Julai kule Nicodemus, mji wa Wamarekani Weusi huku Kansas uliobaki na nyumba chache tu, akaziangalia kidogo, akauliza, "Sasa hawa walikosea nini?", nawe ukakosa la kumjibu. Nami nilipofika huku mara ya kwanza niliuliza vivyo hivyo, tena kwa sauti iliyojaa lawama. Jibu ninalokupa leo silo nililokuwa nalo siku hizo.

Mahali penyewe ulipaona: barabara namba 24, majani ya nyika pande zote mbili, upepo usiokoma, na mvua ya mwaka mzima isiyopishana sana na ya Dodoma kwetu. Mwaka 1877, miaka kumi na miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi aitwaye W. R. Hill alishirikiana na Mmarekani Mweusi, W. H. Smith, wakaanzisha kampuni ya kuuza viwanja vya mji ambao bado haukuwepo. Matangazo yakasambazwa Kentucky, kwa watu waliowahi kuwa watumwa, ambao sasa walikuwa huru lakini hawakuwa na ardhi. Kwa dola 5 mtu alipata kiwanja mjini, na sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu kudai ekari 160 za serikali na kuzimiliki baada ya kukaa na kulima kwa miaka mitano. Fikiria uzito wa ahadi hiyo kwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mwingine.

Septemba ya mwaka huo watu wapatao 300 walishuka kwenye treni pale Ellis, mji ule tuliojaza mafuta, wakatembea zaidi ya kilometa 50 kuelekea kaskazini. Walichokikuta kiliwatia hasira kiasi kwamba, kama wazee wa hapa wanavyosimulia, Hill aliponea chupuchupu kunyongwa. Hapakuwa na mji. Kundi lililofuata, la mwaka uliofuata, lilikuwa na mama mmoja aitwaye Willianna Hickman, mke wa mchungaji, ambaye alisimulia uzeeni kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus imeonekana, yeye alitazama kwa macho yake yote asione kitu. Akauliza iko wapi. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mahandaki yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, kwa sababu nyika ile haina miti ya kujengea. Yule mama akaanza kulia.

Nilipoelezwa habari hiyo, mwanangu, niliona kitu ambacho nadhani wageni wengi hawakioni. Nilikumbuka tembe la bibi yako: nguzo, fito, majani, kisha udongo juu, na moshi ukipenya kwenye paa asubuhi ya baridi. Kwetu hiyo ni nyumba ya mtu anayejua mahali alipo. Kwao ilikuwa ni kushuka shimoni. Familia kadhaa hazikungoja zaidi zikageuza safari. Waliobaki wengi hawakuwa na farasi wala plau, hivyo wakavunja ardhi ile ngumu kwa majembe ya mkono na sepeto, na wanaume wengine wakaenda mbali kutafuta vibarua huku wake zao wakibaki peke yao na watoto. Majira ya baridi ya kwanza, kama inavyosimuliwa, waliokolewa na Waosage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliowagawia chakula. Mwambie mwenzako aanzie hapo kabla hajatafuta kosa.

Maana kutoka mahandaki hayo ulitokea mji. Z. T. Fletcher akawa msimamizi wa posta, akafungua hoteli. Mkewe, Jenny, akafundisha watoto. Makanisa yakasimama, maduka yakafuata, na katikati ya miaka ya 1880 Nicodemus ilikuwa na magazeti mawili, la *Western Cyclone* lililoanza mwaka 1886 na la *Enterprise* mwaka uliofuata. Huko kwetu Tanzania najua wilaya nzima zisizo na gazeti hata moja. Kijana mmoja mwanasheria aliyehamia hapo, Edward P. McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo zima la Kansas, mtu Mweusi wa kwanza kushika cheo cha jimbo hilo kwa kura, na mwaka 1884 akachaguliwa tena. Nakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu wanaopita hapo leo huona nyumba chache tu, wakadhani palikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kisha ikaja habari ya reli. Mji wa nyika bila reli ulikuwa kama duka lisilo na mlango, kwa kuwa ngano haibebwi kwa mkokoteni hadi sokoni kilometa 50 ikaacha faida. Mwaka 1887 watu wa Nicodemus walipiga kura kukopa dola 16,000 kwa hati za dhamana ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake mjini kwao. Kampuni hiyo haikufika. Mwaka 1888 Union Pacific ikatandika reli upande wa pili wa mto Solomon, kusini, na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji wa Bogue, mwendo wa kilometa chache tu. Wenye maduka hawakungoja kuona itakuwaje. Waling'oa hata majengo yao ya mbao, wakayaburuta hadi Bogue na kuyasimamisha upya kando ya reli.

Wewe unajua kwamba babu yako alizaliwa Kilimatinde, na unajua Wajerumani walikuwa na boma pale kabla reli haijapita chini, Saranda na Manyoni. Alikuwa akisema treni huita watu kwa honi, asiyeisikia anaitwa mzembe. Kwa miaka mingi nami niliishia hapo: Nicodemus iliuawa na reli. Ndilo jibu utakalolikuta likirudiwa kila mahali, na lina ukweli wake, lakini halilingani na miaka.

Angalia miaka yenyewe. Baada ya 1888 mji ulipoteza wafanyabiashara, ila wakulima walibaki. Kanisa la mawe la Wabaptisti ulilolipiga picha ni la mwaka 1907, takribani miaka ishirini baada ya reli kuwakwepa. Watu wanaokata roho hawajengi kwa mawe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilipanda, wengi wakanunua mashine na ardhi kwa mkopo. Bei zikaanguka, ukafuata ukame wa miaka ya 1930 pamoja na vumbi lililofunika jua, na wenye madeni wakaondoka kwenda Denver, Topeka, California. Kufikia mwaka 1950 walibaki watu 16 mjini. Posta ikafungwa 1953, shule ikafungwa 1960. Watoto wao walitoka vizuri, wala hawakupotea: Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo, alichaguliwa wa nne nchi nzima na timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay Packers mwaka 1954.

Sasa tazama Bogue, uliopewa kila kitu. Una wakazi wapatao 150 tu. Kaunti yao nzima ya Graham, yenye miji iliyopata reli, mahakama na mabenki, ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910, na leo hawafiki 2,500. Hao wengine walikosea nini? Trekta moja lilichukua kazi ya familia kumi, na ekari 160, ambazo hata zamani hazikutosha katika mvua ile, zikawa kipande tu cha shamba la jirani mwenye maelfu. Gari likamwezesha mkulima aliyebaki kufika hadi Hays kununua anachotaka, hivyo hata duka la mwisho likakosa wateja. Reli iliudumaza mji wa Nicodemus, nakubali. Kilichouondolea watu ndicho hicho kilichowaondolea majirani zake weupe, isipokuwa kwamba Weusi walikuwa na kizuizi cha ziada: katika kesi iitwayo Pigford, iliyomalizwa kwa suluhu mwaka 1999, wakulima Weusi wa nchi nzima walilalamika kwamba Wizara ya Kilimo iliwanyima mikopo waliyopewa wenzao. Mkulima akikosa mkopo wakati wa kupanda, mwaka unaofuata hana cha kuuza ila ardhi.

Majengo matano yaliyosimama, yaani hoteli, shule, makanisa mawili na ule ukumbi wa mawe wa mwaka 1939 tulimojificha jua, yamekuwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa tangu 1996. Wakazi wa kudumu hawafiki ishirini. Lakini wewe ulifika mwishoni mwa Julai ukaona mamia, kwa kuwa wajukuu na vitukuu hurudi kila mwaka wakati huo, desturi iliyotokana na sherehe za kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Unamkumbuka yule bibi mwenye kofia ya njano, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akakuuliza wewe ni wa ukoo gani? Ulipomjibu kwamba wewe ni mgeni kutoka Tanzania, alicheka akasema umefika mbali zaidi ya wote, akaagiza uletewe sahani. Mimi alikwishaniuliza hivyo hivyo miaka mitatu mfululizo, na kila mara husahau jibu.

Mwambie mwenzako, basi, kwamba sikuona kosa. Mwakani, Mungu akipenda, nitaomba likizo wiki hiyo ya mwisho ya Julai. Nawe ukiweza kuja, leta zile picha zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, maana yule bibi hataki kutazama za kwenye simu.

Msalimie bibi yako, na umwambie mbegu za mlenda alizonipa zimeota hata huku.

Ni mimi mama yako.