Deki ya Phage: njia unayo, nauli huna

SWALI: Mtaalamu, nimeunda deki ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, ya mtindo wa Commander, ambao kiumbe mmoja, kamanda, hukaa pembeni katika eneo la kamanda na huchezwa kutoka huko. Kamanda wangu ni Phage the Untouchable, yule anayemtoa mchezaji mchezoni kwa pigo moja, lakini akiingia uwanjani bila kuchezwa kutoka mkononi, mwenye kushindwa ni mimi. Nina ardhi 31 (kadi za kutoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine) na njia nane, yaani kadi nane, za kumwingiza salama. Kila mchezo nabaki na kadi mkononi hadi wenzangu wananimaliza. Jamaa mmoja anayeuza orodha za deki ameniambia nitoe ardhi tatu niweke njia nyingine tatu. Nimsikilize?

JIBU: Usitoe hata moja. Ongeza saba.

Huyo jamaa ameisoma shida yako kinyume, na hayuko peke yake. Deki za namna hii naletewa kila mara. Mtu akishampenda kiumbe wa ajabu, anaamini deki ikikwama ni kwa sababu ya uajabu wa kiumbe, basi anazidi kumrundikia visaidizi. Tupige hesabu. Ukimtoa kamanda, deki yako ina kadi 99. Katika mchezo wa watu wanne, kufikia zamu yako ya saba umeshaona kadi 14, na uwezekano wa kukutana na angalau njia moja kati ya hizo nane ni takriban asilimia 72. Hapo huna shida. Sasa geukia ardhi: 31 kati ya 99 zinakupa wastani wa ardhi 4.4 katika kadi hizo 14. Phage anataka mana saba, nne kati yake za rangi nyeusi. Njia unayo, nauli huna.

Hata ukifika ardhi 38, wastani ni 5.4 tu. Ndiyo maana unahitaji pia vyanzo vingine vya mana vipatavyo kumi: Sol Ring, Mind Stone, Charcoal Diamond, Jet Medallion inayopunguza gharama ya kadi nyeusi, na wenzao. Hapo ardhi na vyanzo hivyo kwa pamoja vinakaribia 6.8 kwa wastani. Ila kumbuka mana ya Sol Ring haina rangi, hailipi hata moja ya zile nne nyeusi, kwa hiyo usiitumie kama kisingizio cha kupunguza ardhi.

Nafasi utazipata wapi? Bila shaka umeweka kadi za kufufua viumbe kutoka kaburini, kwa kuwa ndiyo desturi ya deki nyeusi. Phage akifufuliwa kwako, umeshindwa papo hapo. Toa. Na kama Torpor Orb, inayozima athari za viumbe wanapoingia uwanjani, ni mojawapo ya njia zako, angalia viumbe ambao faida yao yote inatokea wanapoingia uwanjani, kama Gray Merchant of Asphodel. Torpor Orb inamzima Phage na inawazima hao pia. Naziona kadi hizi mbili zimekaa deki moja mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Njia zenyewe hazilingani uzito. Platinum Angel anakukinga usishindwe, lakini naye anataka mana saba kabla hujaanza kumfikiria Phage. Sundial of the Infinite ni nafuu: Phage anaingia, athari yake ya kukushindisha inasubiri, unalipa mana moja na kuimaliza zamu, athari inapotea. Hiyo ni mana nane kwa zamu moja, na ukifanya hivyo baada ya mapigano hupotezi kitu, maana Phage asingeshambulia zamu hiyo. Lakini bora kuliko zote ni Command Beacon, ambayo yenyewe ni ardhi. Ukiitoa sadaka, kamanda anahamia mkononi, na kwa kuwa sasa unamcheza kutoka mkononi, hata ile nyongeza ya mana mbili kwa kila mara uliyokwisha kumcheza kutoka eneo la kamanda haikuhusu. Expedition Map inakutafutia ardhi hiyo. Netherborn Altar nayo inamhamishia kamanda mkononi, tena zaidi ya mara moja, ila inakukata uhai 3, kisha 6, kisha 9.

Jambo jingine ambalo karibu kila mwenye Phage hulikosea: mpinzani akimrudisha mkononi mwako, mtu kwa mazoea anamhamishia eneo la kamanda. Sheria inasema unaweza kumhamisha, haisemi lazima. Mwache mkononi! Mpinzani amekufanyia kazi ya Command Beacon bure.

Sasa kuhusu hao wauza orodha. Orodha iliyoshinda kwenye meza moja haikwambii kitu hadi ujue wapinzani walicheza nini, na muuzaji hakwambii. Anachouza ni kadi za kuvutia, kwa sababu ardhi hazivutii mnunuzi. Ukimwona mtu anajisifu kwamba deki yake inaenda na ardhi 28, muulize kadi zake kubwa zinagharimu mana ngapi. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

Na wengi wao ndio wale wale wanaofundisha kupanga ardhi moja baada ya kila kadi mbili kabla ya kuchanganya. Ukichanganya sawasawa baada ya hapo, mpangilio wote unafutika na umejichosha bure. Mpangilio ukibaki, basi hukuchanganya, na mashindanoni ukifanya hivyo makusudi ni udanganyifu. Mimi nikiwa mwamuzi, deki hiyo naichukua na kuichanganya mwenyewe kabla hatujaongea.