Wadogo zangu mnaoingia wodi ya akili, someni hii kwanza

Kila kundi jipya la wanafunzi likija wodini kwetu, siku ya kwanza nawaona wamesimama mgongo ukutani, faili limekumbatiwa kifuani kama ngao, macho yote kwa yule anayeongea peke yake dirishani. Siwacheki. Na mimi nilisimama hivohivo miaka kumi na mbili iliyopita, tena usiku wake nililia nilivyoona jina langu kwenye ratiba, maana mimi nimekulia Dodoma na kwetu mtu akikwambia "wewe ni wa Mirembe", yani wa ile hospitali ya wagonjwa wa akili, hapo ugomvi umeshaanza. Sasa ya vitabuni mtayasoma wenyewe, mimi naandika yale niliyojifunza kwa kukosea.

Naanza na kosa langu kubwa. Tulikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anasomea ufundi umeme, kaka zake walimleta kamba mikononi, anasikia sauti zinamtukana na anaamini chakula cha nyumbani kina sumu. Skizofrenia, ndo huu ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, kwa wanaume mara nyingi inaanza umri huohuo, wanawake kidogo inachelewa, yani inamkuta mtu ndo kwanza anaanza maisha. Akaanzishiwa haloperidoli, dawa ya kupunguza hizo sauti. Siku ya tatu akawa hakai, anatembea koridoni anarudi, anakaa anainuka, akisimama anabadilisha miguu kama mtu aliyebanwa na mkojo, akanifuata akaniambia "sista, miguu inawaka kwa ndani, siwezi kutulia." Mimi na haraka zangu nikaandika kwenye faili: mgonjwa anasumbua, hatulii. Wa zamu ya usiku akasoma nilichoandika, kijana akaongezewa sindano ileile. Asubuhi nimemkuta anagonga kichwa ukutani.

Daktari wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaniuliza swali moja tu, "ulimuuliza kutotulia kwake kuko kichwani au miguuni?" Sikuwa nimeuliza. Kumbe ilikuwa ni dawa yenyewe, hizi dawa zinaweza kumtia mtu hali hiyo na ukiongeza dozi unamuongezea mateso. Akapunguziwa haloperidoli akapewa na propranololi ya kutuliza huko kuhangaika kwa miguu, baada ya siku kadhaa akaweza kukaa akala. Yule kijana alikuwa ameniambia kila kitu kwa Kiswahili safi kabisa na mimi sikumsikia, kwa sababu kichwani nilishaamua mtu wa wodi hii akiongea ni ugonjwa ndo unaongea.

Hapo ndo pa kushika jamani. Kuugua akili hakufuti maneno ya mtu. Akikwambia tumbo linauma shika tumbo, pima joto, fanya kila ambacho ungefanya wodi ya upasuaji. Hawa watu wanakufa mapema kuliko wengine na sehemu kubwa ni magonjwa ya kawaida tu, moyo, sukari, kifua, kwa sababu kila akilalamika anaambiwa ni mawazo yako. Na msiandike "anasumbua". Andika ulichokiona: anatembea tangu saa nane usiku, anasema miguu inawaka.

Kuna nyingine ya dawa mtaiona, hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo mwanzo: shingo inapinda, macho yanapanda juu hayashuki, ulimi unatoka nje. Ndugu wakiona vile wanakimbia nje wanasema jini limekataa dawa. Siyo jini, ni misuli imekaza kwa sababu ya dawa, muite daktari harakaharaka, tunampa Artane, kidonge cha kulegeza hiyo misuli, au dawa ya sindano kama ipo na unaona shingo inarudi mbele ya macho yao. Halafu kaa na hao ndugu uwaeleze, tena kwa utulivu, wasipoelewa hiyo siku wakifika nyumbani dawa zote chooni.

Kuhusu sauti. Nina zoezi nawafanyisha wanafunzi, mtaona la kijinga ila fanyeni. Mmoja akae kwenye kiti ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kutoa saba saba, wawili wakae huku na huku wamnong'oneze masikioni bila kupumzika, "wewe huwezi, ona wanavyokucheka, inuka, kaa, usimjibu huyo", na wa nne aje mbele amuulize maswali ya kawaida, unaitwa nani, umekula nini. Sijawahi kuona aliyemaliza dakika tatu bila kukasirika. Mgonjwa anaishi humo kutwa, wengine mpaka usiku wa manane, halafu sisi tunauliza swali moja, hatujibiwi ndani ya sekunde mbili, tunaandika haelewi. Uliza kifupi, jambo moja, subiri. Hesabu mpaka kumi moyoni kama huwezi kuvumilia ukimya.

Imani za ugonjwa, zile za kwamba redio inamsema au jirani anamfuatilia, hapo wageni wengi wanaanguka. Tulikuwa na mzee fundi cherehani aliyesema wabaya wake wamemwekea mtambo kwenye jino unarusha mawazo yake mtaa mzima. Mwanafunzi mmoja akabishana naye, mzee hakuna kitu kama hicho, haiwezekani kisayansi, ikawa basi, mzee hakupokea tena hata maji mkononi mwake maana ameshahesabiwa upande wa maadui. Mwingine akaona bora amkubalie, "sawa mzee tutautoa", akajuta, kila asubuhi mzee yuko mlangoni anadai mmesema mnautoa lini. Njia iko katikati. Kwanza shikamoo, ugonjwa haujamvua uzee. Halafu nikamwambia, mzee mimi huo mtambo siuoni, ila naona hujalala siku mbili na una hofu, na hiyo hofu ni ya kweli, hebu nieleze hilo jino linavyokusumbua. Akaniambia linauma. Nikamwambia fungua mdomo. Wacha we! Jino lilikuwa limeoza mpaka kwenye fizi. Likang'olewa wiki ileile. Mtambo wenyewe ukahamia sikioni, sitaki kuwadanganya, ila maumivu yaliisha mzee akaanza kula, na dawa akawa anameza bila vita.

Ndugu nao msiwadharau wakikwambia wametoka kwa mganga au kwenye maombezi, wengine wamezunguka miaka na kuuza mpaka mbuzi. Ukianza kuwacheka unampoteza na mgonjwa. Mimi nawaambia maombi endeleeni, dawa msikatishe, na kamba tuiache hapa. Ila na sisi tusijione wajanja sana, nimeshaona mgonjwa ameandikiwa skizofrenia siku ya kwanza kumbe ni malaria imepanda kichwani, mwingine ni kifafa, mwingine ni pombe aliyoiacha ghafla, kwa hiyo vipimo kwanza jamani, na skizofrenia haitamkwi kwa siku moja, inahitaji muda wa kumtazama mtu.

Mtaulizwa pia huko mtaani kama ni mtu mwenye nafsi mbili. Hapana. Jina lenyewe ndo lina makosa, daktari wa Uswisi Eugen Bleuler alilitumia mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili kupasuka, alimaanisha fikra na hisia haziendi pamoja, watu wakaelewa vingine mpaka leo. Na ukatili, wengi wao wanapigwa na kuibiwa kuliko wanavyopiga. Ukimkuta amepandisha hasira usimzibie mlango, shusha sauti, kaa pembeni siyo usoni kwake, na usiende peke yako, hiyo siyo woga ni kazi.

Sasa wakimya. Wageni wote wanamkimbilia anayeimba na anayetukana, na yule wa kitanda cha kona aliyegeukia ukuta anasahaulika kwa sababu hana shida. Yule ndo anaumwa sehemu ngumu zaidi ya ugonjwa huu. Haogi, hacheki, hana hamu, uso umekauka, ukimuuliza anajibu neno moja au hajibu kabisa. Nyumbani waliita uvivu, mama mmoja aliniambia mbele ya mwanae "huyu kula na kulala tu, angekuwa kichaa si angeokota makopo." Dawa zetu zinapunguza sauti vizuri, huu ukavu hazijauweza sana, na dawa nyingine zikizidi zinauongeza. Kinachosaidia ni vitu vidogo vinavyorudiwa: saa ileile, mtu yuleyule, kazi ndogo ya mkono, hata kupanga vikombe.

Mmoja nilikaa naye siku kumi na moja, binti, dakika kumi kila asubuhi pembeni ya kitanda, siongei sana, namwekea chai namwambia leo ni Jumanne, nje kuna jua, basi. Wenzangu walinitania napoteza muda na kwa kweli hata mimi nilikuwa nishaanza kuamini. Siku ya kumi na mbili nilichelewa, dharura ilinishika upande wa wanaume, nikaja nimekuta kikombe alichowekewa na mtu mwingine kiko vilevile. Nikakaa. Bila kugeuka akasema, "imepoa."

Nikashika kikombe. Kweli ilikuwa imepoa.