Maswali na majibu: kompyuta inakufa katikati ya simu ya vidio

Wiki hii meseji zote nilizopata ni za aina moja. Sishangai, nusu ya mji huu wa Lamu ina mtu wake Maskati au Jidda au Mombasa na saa hizi hakuna anaetosheka na sauti peke yake, kila mtu ataka kuona sura. Bas nimezijibu hapa kwa pamoja, manake nimechoka kuandika jibu lilelile mara sita.

Neno moja kwanza. Simu ya vidio ni kazi nzito kwa kompyuta kuliko mnavodhani, hapo kamera inafanya kazi, maiki inafanya kazi, spika, skrini, waifai, na prosesa (ubongo wa kompyuta) inabana picha yako inayotoka huku inafungua ya mwenzako inayoingia, vyote kwa mpigo na kwa saa nzima bila kupumzika. Mashine yenye kidonda itakuvumilia ukiandika barua, hata sinema itakuonyesha, lakini hapo kwenye vidio ndo inaanguka. Kwahivo msikimbilie kuilaumu programu. Na mkiniandikia nambieni imekufa vipi: imezima pap kama taa, imetoa skrini ya bluu yenye maandishi ya kosa, au ni programu tu imejifunga na kompyuta ikabaki hai? Hizo ni habari tatu mbalimbali. "Fundi imekufa" hainisaidii kitu.

Mwanangu yuko Maskati, kila Ijumaa usiku twaonana kwa laptopu. Sasa miezi miwili, tukizungumza kama dakika ishirini yazima yenyewe, haisemi kitu. Nikiiwata ikapumzika yawaka tena. Ni betri? Mama, Mkomani

Shikamoo mamangu. Si betri, ni joto, na kwavile ulimtuma mjukuu wako ailete kwangu nshaifungua na nimeona kwa macho yangu.

Nilipotoa kifuniko cha chini, baina ya feni na zile mbavu nyembamba za kupozea nikakuta kama kitambaa. Nikakivuta kwa kibanio kikatoka kizima, urefu wa kidole changu cha shahada: vumbi na manyoya ya paka vimesukana mpaka vikawa blanketi. Paka wa Amu twawapenda sote lakini huyo wako nusu yake ilikuwa ndani ya kompyuta. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu masikini, ila upepo ulikuwa hauna pa kutokea. Na lile bomba la shaba lishaanza kufanya kijani, hiyo ni hewa ya bahari, hapa petu hata bawaba za mlango zaliwa na chumvi sembuse kompyuta.

Prosesa ina ulinzi wake wenyewe. Ikikaribia digrii 100 inajipunguza kasi, na nafikiri ndo maana mwanao alikuwa akikwambia picha yako inakwama kabla haijazima, na joto likizidi kupanda inajikatia umeme isiungue. Ukiiwata ikapoa inawaka kama hakuna lililotokea. Nimesafisha, nimebadilisha ile pesti ya baina ya prosesa na shaba (ilikuwa imekauka kama chokaa), nikaiwasha vidio saa nzima na nusu haikuzima. Mjukuu wako kanambia huwa unaiweka kitandani juu ya mto. Mama usifanye hivo tena, matundu ya kuvuta hewa yako chini, mto unayaziba. Pindua sinia ya wali uiweke juu yake, inatosha kabisa.

Wengine mkitaka kujua kama na nyinyi ni joto, kuna programu za kupima joto, HWMonitor na HWiNFO, zote za bure, weka mojawapo alafu piga simu ya vidio ya kujaribu huku watazama namba. Ikicheza kwenye 70 na kitu sina neno nayo, ikipanda 95 na bado yaenda juu jibu umeshapata. Na mkipuliza vumbi wenyewe, izuieni feni kwa kijiti cha meno isizunguke, manake ikizungushwa kwa kasi na ule upepo inaharibika, nshaletewa feni kadhaa zilizouliwa hivo.

Mimi niko Shela, nashughulikia wageni wa nyumba za kukodi. Nikiwa naongea na mteja wa ng'ambo namuonyesha vyumba, ghafla skrini ya bluu, chini imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE. Ishanitia aibu mara tatu. Nibadilishe kamera?

Kaka kamera haina kosa. Lile neno VIDEO hapo linawapotosha watu wengi, si vidio ya kamera ni kadi ya picha, ile inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Iko hivi, Windows inaipa kadi ya picha sekunde 2 ijibu, isipojibu inajaribu kuiamsha upya draiva yake (programu inayoiongoza), na ikishindwa ndo inakata tamaa na kukutolea bluu. Kwahivo tatizo ni draiva, au kadi yenyewe imechoka, au joto (rudi kwa mama wa Mkomani hapo juu).

Kwanza zima msaada wa kadi ya picha kwenye programu unayopigia. Kama wapigia kwenye Chrome ingia setingi, sehemu ya System, pana swichi inayosema habari ya graphics acceleration, izime, funga brauza ufungue tena. Picha huenda ikapoteza ulaini kidogo lakini utajua haraka kama mwizi ni huyo. Alafu ndo draiva: pindua laptopu usome modeli kwenye stika, nenda tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, shusha draiva ya modeli hiyo hiyo. Kama bluu zilianza baada ya kuapdeti bas fanya kinyume, Device Manager, Display adapters, bonyeza kadi yako, Properties, Driver, Roll Back Driver. Hizi programu zinazokuahidi kuapdeti draiva zote kwa kubonyeza mara moja achana nazo kabisa, mimi nusu ya kazi yangu ni kusafisha zilichoharibu.

Na usinitumie tena picha ya skrini ya bluu iliyotikisika. Kompyuta yenyewe huwa inaweka kumbukumbu ya kila bluu kwenye C:\Windows\Minidump, zifungue kwa programu ya BlueScreenView itakuonyesha ni faili gani limetajwa. Ukiona jina linaanza na nv ni mambo ya Nvidia, likianza na ig au ati mara nyingi ni Intel na AMD. Likitajwa lilelile mara tatu hiyo si bahati mbaya.

Assalam aleykum fundi. Ni mwalimu huku Mokowe. Kompyuta ya mezani, nimenunua kamera ya kuchomeka ya USB kwa ajili ya mikutano. Nikiwasha kamera tu kompyuta inajiristati. Nimeangalia Event Viewer (daftari la matukio la Windows) imeandika Kernel-Power 41, nimetafuta sana dawa ya hiyo 41 sijapata.

Waaleykum salam mwalimu. Dawa ya 41 hutaipata manake 41 si ugonjwa. Maana yake ni kwamba kompyuta ilipowaka ikagundua mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Ni cheti cha kifo kilichoandikwa "amekufa", sababu hakuna.

Nakuuliza, hiyo kamera umeichomeka wapi? Kama ni mbele, au kwenye kile kigawio cha USB cha mashimo manne, itoe uipeleke nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Shimo la USB 2 linatakiwa kutoa miliampia 500, la USB 3 ni 900, na kigawio kisicho na chaja yake kinagawa hizo hizo kwa kamera na kibodi na flashi na hiyo feni ndogo yenye taa, najua unayo. Ya mbele nayo inapitia kiwaya chembamba ndani ya boksi na mara nyingi pini zake zishaliwa na kutu. Chungulia ndani ya shimo kwa tochi ya simu, ukiona pini imepinda inagusa mwenziwe usichomeke kitu tena hapo.

Ukipeleka nyuma na bado inajiristati, jaribu simu ya vidio bila kamera, sauti na picha ya mwenzako tu. Ikikaa vizuri tutaishuku kamera, iazime ya mwenzako ujaribu. Ikijiristati vilevile bas mara nyingi ni lile boksi la umeme la ndani, pawa saplai. Hizi za kompyuta kuukuu zinazoletwa kwa boti zimeshafanya kazi miaka huko zilikotoka, alafu zinakuja kukutana na umeme wetu wa kupanda na kushuka. Ukifungua na ukaona kwenye ubao vile vipipa vidogo vimevimba kichwa kama mahamri, hapo hamna mjadala. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue, hata ukiwa umechomoa, ndani inabaki na umeme wa kukurusha.

Niko Malindi. Nimeuziwa laptopu ya mtumba ina Windows 10, na kamera yangu ya zamani ya kuchomeka. Picha inatoka kama dakika moja inaganda, alafu programu inajifunga. Kwenye kompyuta ya babangu yenye Windows 7 kamera hiyohiyo ni nzima.

Bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika winver, nambie namba. Ukiona 1607 nacheka, manake hiyo ni ile apudeti ya tarehe 2 Agosti 2016 iliyogandisha kamera za watu dunia nzima. Microsoft walibadilisha njia ambayo picha inapita kutoka kwenye kamera ili programu mbili ziweze kuitumia kwa pamoja, wakazikatia programu picha zilizobanwa za MJPEG na H.264, na kamera nyingi zilikuwa zinategemea hizo. Baadae wakarekebisha lakini laptopu iliyokaa kabatini haijui habari hizo. Iapdeti.

Kama si 1607, toa ile draiva uliyoweka kutoka kwenye sidii ya kamera. Kamera nyingi hazihitaji sidii, zinafuata mtindo mmoja uitwao UVC ambao Windows inaujua yenyewe. Device Manager, Cameras, Uninstall, weka tiki ya kufuta na draiva kama ipo, chomoa kamera, ristati, chomeka. Kwa jumla lakini ujue Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo 7 ya baba tangu Januari 2020, usiifanyie mambo ya benki.

Ni virusi?

Mara nyingi sana siyo. Ila kama umeweka antivairasi mbili ukidhani zitasaidiana, toa moja.

Fundi mimi haizimi, inakatikakatika tu, mwenzangu anaganda mdomo wazi. Nyumba yetu ni ya mawe, ruta iko chini sebuleni mimi nalala juu.

Dadangu hiyo kompyuta ni nzima. Nyumba za wazee zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono mpaka kiwiko na zaidi, waifai haipenyi hapo. Shuka na laptopu kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) karibu na ruta ujaribu, ukiona mambo sawa vuta waya mrefu wa mtandao upitishe ngazini. Au shusha ubora wa picha, vidio nzuri ya watu wawili yataka kama megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kurudi, ya kawaida nusu yake yatosha.

Yangu inakufa pale tu ninapoweka ile picha ya bandia nyuma yangu (sitaki bosi aone nguo zimeanikwa). RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ni 4GB. Wakati mwengine bluu, kila mara maneno tofauti. Kijana, Langoni

Hiyo ya maneno tofauti kila mara ndo iliyonishtua. Draiva mbovu kawaida ina tabia moja, RAM mbovu inakuja na sura mpya kila siku. Ile picha ya bandia inafanya kompyuta ikukate wewe na ukuta mara nyingi kila sekunde, inakula prosesa na RAM, na RAM ikijaa ndo inafika kwenye lile eneo bovu ambalo siku nyingine haligusi.

Andika mdsched kwenye Windows na R, itaristati na kupima RAM, iwache imalize. Ikisema kuna kosa, zima, toa betri kama inatoka, chomoa ile RAM, utaona ukingoni pana meno ya rangi ya dhahabu. Chukua raba ya mwanafunzi, safi, ile nyeupe, uyasugue polepole kwa kwenda upande mmoja. Utashangaa raba inavotoka nyeusi. Ifute, irudishe mpaka usikie imelia tak pande zote mbili, upime tena. Hapa petu hiyo raba imeniokolea wateja wengi kuliko spea yoyote. Ikikataa bas imekufa, nunua nyengine na uweke 8GB kabisa, na kwa sasa anika nguo kwingine.

Ukishindwa kuitoa ndoo nayo (wa bara someni njoo) Jumatano asubuhi. Ijumaa saa saba msije, na nyinyi mwajua niko wapi.