Duka la Mangi, ila Mangi Mtaliano

Tangu nilipotaja hapa kwamba nilikata nyama miaka minne kwenye duka la Mtaliano South Philadelphia, maswali hayakauki. Kwa wasiolijua: ni duka la kona linalouza nyama za kukaushwa, jibini, zeituni na mafuta yake, na lina kaunta ya kutengenezewa sandwichi. Wamarekani huliita deli. Sisi tungesema "kwa Mangi", ila Mangi huyu ananing'iniza mapaja ya nguruwe darini.

Nikifika mbele naulizwa nataka nini, ulimi unakufa ganzi. Niseme nini? (Mama wawili, New Jersey)

Mama wawili, chukua kwanza kikaratasi cha namba pale mlangoni, maana foleni ya huku haisimamwi kwa miguu. Ikiitwa namba yako, taja vitu vitatu: nyama gani, kiasi gani, nyembamba au nene. Wanapima kwa pauni. Robo pauni ni kama gramu 113, inatosha sandwichi mbili za watu wastaarabu. Na omba kuonja. Si ulafi; mkataji mzuri hukupa kipande cha kwanza mkononi kabla hujafungua mdomo. Mzee niliyemfanyia kazi alivumilia kila aina ya mteja isipokuwa yule anayefika kaunta simu ikiwa sikioni.

Hapa Malindi Waitaliano tunao tele. Nilimwuliza mmoja habari za "gabagul" ninayoisikia kwenye tamthilia za Marekani, akabaki kucheka. Ni nini?

Ni capocollo, mnofu wa shingo ya nguruwe uliotiwa chumvi na viungo ukakaushwa. Mwenzio alicheka kwa sababu neno hilo lilipanda meli zamani. Kati ya 1880 na 1924, sheria ilipobana mlango, Waitaliano kama milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wa kusini: Napoli, Calabria, Sicily. Walikuja na lugha za vijijini kwao, Kiitaliano sanifu kikiwa bado hakijawafikia wengi wao. Katika lugha hizo sauti ya k inalainika kuwa g, p inakuwa b, irabu ya mwisho inamezwa. Wajukuu wamelihifadhi hivyo hivyo, kama familia za Muscat zilizotoka Unguja zinavyoweza kukutolea neno la bibi yako ambalo Unguja kwenyewe vijana hawalitumii tena. Hilo neno "deli" lenyewe, kwa taarifa yako, asili yake ni Kijerumani.

Mimi Muislamu, wenzangu wa kazini hula humo kila mchana. Kuna changu? (Mzaliwa wa Mombasa, Minneapolis)

Nitakujibu kama ningemjibu ndugu yangu: kidogo sana, na uwe macho. Sehemu kubwa ya kabati lile ni nguruwe, zikiwemo salami, yaani soseji za kukaushwa. Bresaola ni ng'ombe, watakuambia, na ni kweli; lakini hakuchinjwa kwa sharia, na mashine inayoikata ndiyo iliyotoka kukata ham, yaani paja la nguruwe. Usikubali kuambiwa "tutaipangusa". Mimi nimeipangusa mashine hiyo mara elfu, na kila nilipoifungua mwisho wa siku nilikuta mafuta nyuma ya kisu.

Jibini nazo zina swali lake. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na hilo mwulize sheikh wako, si mimi. Kinachobaki ni kizuri hata hivyo: jodari wa kopo kwenye mafuta ya zeituni, hoho za kuchoma, achari ya mboga, juu ya mkate wa ufuta. Waombe glavu mpya, kisu safi na karatasi safi ubaoni. Ukitamani mortadella, ile soseji nene laini ya kukatwa vipande, nenda duka la Waarabu ukatafute ya ng'ombe au kuku yenye muhuri wa halali. Ghuba nzima inaila.

Mwanangu alinipeleka huko nikala nyama nyekundu laini, kumbe haijapikwa! Nitaumwa? (Mzee, Dar es Salaam)

Shikamoo mzee. Haikupikwa, lakini si mbichi kama ya buchani. Prosciutto ya Parma ni paja la nguruwe na chumvi, basi. Linakaa kwenye chumvi wiki kadhaa, linaoshwa, kisha linaning'inia penye hewa zaidi ya mwaka mzima, mpaka maji yapungue na vijidudu vikose pa kuishi. Aliyekula papa mkavu ameshaijua kanuni hiyo.

Kuna kisa chake pia. Kuanzia 1967 hadi 1989 ham hii ilizuiwa kuingia Marekani, kwa sababu Italia ilikumbwa na homa ya nguruwe ya Afrika. Ni ugonjwa ule ule ulioelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na unaotufungia mabanda ya kitimoto kila karantini inapotangazwa. Binadamu haumwambukizi, Marekani iliwahofia nguruwe wake. Mortadella ilisubiri mpaka 2000. Mzee, ule ukingo mweupe wa mafuta usiubandue. Mimi Mchaga, kwa mambo ya nguruwe niamini.

Hapa Portland, Maine, niliomba sandwichi ya "Italian" nikaletewa mkate mlaini wenye hoho na matango ya siki. Walinidanganya? (Papa wa watoto wanne, kutoka Bukavu)

Hapana, Papa, hiyo ndiyo yenyewe ya hapo kwenu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 Giovanni Amato alikuwa akiwauzia mikate wafanyakazi wa bandarini, wakamwomba aipasue na kuitia nyama, jibini na mboga. Sandwichi ya namna hiyo huku kwetu Philadelphia huitwa hoagie, New York hero. Italia kwenyewe ukiomba yoyote kati ya hizo watakushangaa: mkate wa kwao hupata nyama moja, labda na jibini moja.

Mfuko umetoboka na nataka kuonja hivyo vitu. (Mwanafunzi, Philadelphia)

Uliza vichwa vya nyama, vile vipande vya mwisho ambavyo mashine haiwezi tena kuvishika. Maduka mengi huviuza kwa bei ya chini. Uliza na maganda ya Parmigiano. Ganda moja tumbukiza kwenye maharage yanapoanza kuchemka, na ulitoe kabla hujapakua.