Jibu langu kuhusu Mirembe

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema shangazi yako amekwambia, tena msibani watu wakisikia, kwamba ulipozaliwa mimi niliingiwa na kichaa nikafungiwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, kwa minyororo. Na wewe una mimba ya miezi saba, hulali kwa mawazo. Umeniuliza mambo mawili: ni kweli, na je, walinitesa? Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia ukaogopa bure.

Ni kweli, mama. Nililazwa Mirembe wiki saba mwaka 1993. Kuteswa, hapana. Kamba nilifungwa kabla sijafika kule.

Ulizaliwa Kondoa, salama, mtoto mnene wa kilo tatu na nusu. Siku ya tatu usingizi ukanikimbia. Sisemi ule wa mzazi anayeamshwa na mtoto kila saa. Wewe ulikuwa umelala fofofo, na mimi nimekodoa macho, mwili hauoni uchovu, mawazo yanafukuzana. Siku ya tano nikaanza kusema mtoto huyu si wangu, wangu wamembadilisha. Redio ya jirani nikaisikia inanitaja jina. Bibi yako akakuchukua, akalala nawe chumba kingine na komeo amelitia. Mpaka leo namwombea dua kwa uamuzi ule.

Wazee wakasema ni majini. Nikapelekwa kwa mganga, nikakaa siku tisa nimefungwa mikono, nafukizwa asubuhi na jioni. Ile alama ya kwenye kiwiko cha mkono wangu wa kushoto, niliyokwambia niliungua jikoni, ni ya kamba. Nisamehe kwa uongo huo. Ulikuwa mdogo ulipouliza, na mimi nilikuwa bado sijapata maneno.

Baba yako ndiye aliyekataa. Mwalimu mwenzake alimweleza kwamba shemeji yake aliugua vilevile baada ya kujifungua, akapelekwa Dodoma akapona. Ndugu wakamwambia baba yako aniache aoe mwingine. Yeye akaenda kutafuta gari. Ni zaidi ya kilomita 150, na wakati ule njia nzima ilikuwa vumbi. Tulifika jua linazama.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapopakumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nyumbani wote walikuwa wakiniita Mama Rehema. "Mama Rehema, mtazame mwanao! Mama Rehema, mnyonyeshe!" Walidhani wananikumbusha. Kumbe kila nikilisikia jina lile naona wananitwika mtoto wa watu, nazidi kupiga kelele. Nesi aliyenipokea, mwanamke wa makamo, Mgogo, alichuchumaa mbele yangu akaniuliza, "Wewe jina lako nani?" Sio baba yako aulizwe. Mimi. Nikamjibu Zaituni. Akasema, "Zaituni, kamba hizi naona zinakuumiza. Nizifungue?" Tangu nianze kuugua hakuna aliyekuwa ameniomba ruhusa ya jambo lolote. Nikanyoosha mikono. Akazifungua, akanisafisha kidonda, kisha akaniambia nitachomwa sindano na kwamba itanilaza. Ikanilaza kweli. Baba yako anasema nililala karibu siku mbili, naamshwa kunywa uji tu.

Sitakuficha, dawa zile zina maudhi yake. Baada ya siku chache shingo ilinikaza ikageukia upande, ulimi ukawa mzito, mate yananitoka. Nikaamini majini yamerudi. Daktari akaja, akaniambia waziwazi kwamba hiyo ni dawa, si mimi, akaniandikia nyingine inayoitwa Artane ya kutuliza ukakamavu ule, na ya kwanza akaipunguza. Usiku shingo ilikuwa imelegea. Nilianza kumwamini siku hiyo, kwa sababu alichosema kitatokea ndicho kilichotokea.

Huyohuyo aliwaketisha baba yako na bibi yako akawaeleza. Kwamba kondo la nyuma likishatoka homoni za mwanamke hushuka ghafla, ukiongeza na kukosa usingizi, wapo wachache, mmoja au wawili katika kila wazazi elfu moja, ambao ubongo wao huyumba namna ile. Ugonjwa ule haukuletwa na kijicho cha mtu wala uzembe wangu. Bibi yako akauliza, "Atampenda mtoto?" Daktari akamjibu, "Mpeni muda, msimlazimishe."

Basi hawakunilazimisha. Bibi yako alifikia kwa ndugu pale mjini, na kuanzia wiki ya tatu akawa anakuleta. Tulikaa nje chini ya mwarobaini, nesi katikati yetu. Siku ya kwanza nilikutazama kwa mbali, nikaomba kurudi wodini, nikarudishwa bila lawama. Siku nyingine nikashika mguu wako. Kisha kuna siku ukapiga miayo, nikauona mdomo wa baba yako mtupu. Sikusema kitu. Kesho yake asubuhi nesi alipopita na dawa, "Zaituni, umeamkaje?" nikamwambia, "Niite Mama Rehema." Akaweka sinia chini, akanishika mikono yote miwili. Wodi nzima iliniita hivyo mpaka nilipotoka.

Nilichokikosa ni maziwa. Yalikuwa yamekauka, ukakulia ya ng'ombe, na hilo liliniliza muda mrefu.

Shangazi yako usimchukie. Nadhani minyororo ameitoa kwenye habari za Isanga, wanakopelekwa wagonjwa wenye kesi mahakamani. Watu wengi huzichanganya. Hospitali ile ipo tangu mwaka 1927, na miaka yote hiyo watu wanatukanana kwa jina lake, "huyu wa Mirembe huyu." Kila nikisikia inanichoma, maana mimi ndiko nilikorudishiwa akili zangu na mwanangu.

Baada ya kutoka nilimeza dawa karibu mwaka mzima, narudi kliniki kwa basi. Nilipopata mimba ya Abdul, 1997, waliniambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa ule hupenda kurudi kwa aliyewahi kuupata. Wakapanga: nijifungulie hospitali, nianze dawa siku hiyohiyo, usiku mtoto alale na bibi yake ili mimi nilale. Siku ya tano nilitetemeka kutwa nzima kwa woga. Ikapita. Ikaja ya sita, nikapika mlenda mwenyewe.

Kwako wewe: mabinti wengi ambao mama zao waliugua hawaugui kabisa. Lakini uwezekano wako umezidi kidogo wa mwenzako, kwa hiyo kliniki ijayo mwambie mkunga, "Mama yangu alipata kichaa cha uzazi," na aandike kwenye kadi yako. Usione haya kwa ajili yangu. Mwambie na mkwe wangu aangalie: ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ukisema mbiombio, ukianza kushuku watu au kusema mambo yasiyoeleweka juu ya mtoto, akupeleke hospitali saa hiyohiyo, asingoje kukuche. Hapo Mwanza mnayo Bugando, wana idara ya magonjwa ya akili. Wakisema ulale wodini, kubali, mimi nitakuwa nje na mtoto kama bibi yako alivyokuwa.

Nitakuja wiki mbili kabla. Unga wa ulezi nimeshausaga, na usiku wa arobaini zote mtoto atalala kwangu, hilo halina mjadala. Nitumie tarehe waliyokuandikia kliniki, nikakate tiketi mapema.

Mama yako,
Zaituni